Mpira Ule wa Mstarini

Nakutegea kimoja, nawe usikurupuke. Nyumba yangu ina nguzo mbili na boriti moja. Haina mlango, haina dirisha, na mlinzi wake ni mmoja. Mgeni akiingia, wenye nyumba wanalia, majirani wanarukaruka kwa furaha. Nyumba gani hiyo?

Ukishindwa, usinipe mji. Miji niliyopewa na wajukuu zangu ni mingi, na hakuna hata mmoja unaonilipa kodi. Jibu ni goli la mpira, na mgeni ni mpira wenyewe. Mlinzi ninayetaka kukusimulia habari zake tulimwita Komeo, kwa sababu akisimama golini ni kama mlango umefungwa kwa ndani.

Ila hadithi hii si ya Komeo peke yake. Ni ya wanaume wawili wa kwangu: mume wangu, aliyempenda Komeo kama mtu anavyolipenda jino lake la mwisho, na mdogo wangu kinyozi, ambaye kwa ajili ya Komeo huyohuyo alikataa kuvuka kizingiti changu zaidi ya miaka kumi. Mimi nilikuwa katikati yao, sahani mkononi.

Mume wangu kazi yake ni kutunza uwanja wa mpira, ule ulio nyuma ya stendi ya malori. Ndiye anayekata nyasi, anayemwagilia, anayeshona nyavu zikitoboka, na ndiye anayepiga mistari. Nilipoolewa nilidhani kupiga mistari ni kumwaga chokaa tu, kama unavyowamwagia kuku punje. Akanicheka. Unapigilia kigingi huku, unapigilia kingine kule, unavuta kamba mpaka ukiigusa inatoa sauti, ndipo unatembea na kopo la chokaa kando ya kamba, polepole, macho chini. Mtu asiye na kamba, anasema mume wangu, anapiga mstari wa moyo wake.

Magolikipa hakuwapenda. Golikipa ana tabia moja: akiingia golini tu, anaikwaruza ardhi kwa njumu zake, anajiwekea alama ajue katikati ni wapi. Sasa mwenzako ameshinda asubuhi nzima na nyasi zile, anazibembeleza kama nywele za mtoto, halafu anakuja mtu kuzichakura kama kuku mwenye vifaranga. Mume wangu alikuwa akirudi nyumbani anawalaani mmoja mmoja.

Siku moja akaja golikipa mpya, kijana mwembamba, masikio makubwa kama vipini vya sufuria. Kabla ya kuingia golini alimfuata mume wangu pale alipokuwa anakunja kamba yake.

"Shikamoo, mzee. Naomba ruhusa nikwaruze kidogo."

Mume wangu alirudi nyumbani, akaweka kopo chini, akasema, "Mama watoto, leo nimeombwa ruhusa." Jioni ile alikula sahani mbili.

Tangu siku ile akawa mtu wa kijana yule. Alikuwa anaamka alfajiri kwenda kumwagilia pale golini tu, ardhi iwe laini, mtoto wa watu akiruka asiumie nyonga. Kijana alipovunjika kidole, mume wangu alishika kikombe kwa vidole vitatu wiki nzima, na ukimwuliza anasema hana habari. Picha ya kijana ilipotoka gazetini aliikata kwa wembe, akaibandika kwenye kadibodi, akaitundika ukutani kando ya picha ya harusi yetu. Nikamwuliza mbona ya golikipa iko juu kidogo kuliko ya kwetu.

"Msumari ndio uliokuwa pale," akasema.

Uwanjani, hata hivyo, humsikii. Mtunza uwanja hana timu, hivyo ndivyo alivyofundishwa na aliyemtangulia. Timu ikicheza yeye anachuchumaa nyuma ya posti, kopo la chokaa miguuni, anatafuna ubua wa nyasi. Goli likiingia anatafuna. Likikosa anatafuna. Mimi tu ndiye niliyejua kwamba Komeo akiwa golini, ubua huwa haufiki dakika ya kumi.

Mdogo wangu yeye ni kinyozi. Kibanda chake kilikuwa mbele ya geti la kiwanda cha sabuni, wateja wake ni watu wa kiwandani, basi na timu yake ni ya kiwandani. "Dada," huniambia, "huwezi kunyoa vichwa vya watu halafu ukashangilia wakifungwa." Yeye na mume wangu walikuwa chanda na pete. Kila Jumapili anakuja, anakula, anamnyoa shemeji yake pale sebuleni chini ya dirisha, wanataniana mpaka majirani wanasogeza masikio ukutani. Mmoja anamwambia mwenzake timu yenu inanuka sabuni lakini haitakati, mwingine anajibu yenu ina golikipa mmoja na walevi kumi. Nyumba ilikuwa inachangamka.

Ikaja fainali ya kombe, timu yetu na timu ya kiwandani. Mvua ilinyesha kipindi cha kwanza chote, cha pili likatoka jua. Timu yetu ilikuwa mbele kwa goli moja. Dakika za mwisho mshambuliaji wa kiwandani akaachia shuti, Komeo akaruka kinyumenyume, akauangukia mpira kwenye tope palepale mstarini. Nusu ya uwanja ikapiga kelele goli, nusu ikapiga kelele siyo. Mshika kibendera alikuwa ameteleza, amekaa kwenye dimbwi. Kamera ilikuwa moja, nayo ilikuwa imevishwa mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Refa akakimbia, akainama, akatazama, akatikisa kichwa. Unajua mpira ulivyo: haitoshi kugusa mstari, ni lazima uvuke wote. Refa akasema haujavuka wote. Timu yetu ikabeba kombe, na jina la Komeo likapatikana siku ile, kwa mpira ule.

Jioni mdogo wangu aliingia kwangu amelowa mpaka soksi. Hakusalimia. Alimfuata mume wangu pale alipokuwa anavua mabuti.

"Shemeji, wewe ulikuwa umechuchumaa nyuma ya posti. Ulivuka au haukuvuka?"

"Refa ameshasema."

"Simuulizi refa. Refa si shemeji yangu, wala sili kwake kila Jumapili. Nakuuliza wewe."

"Kazi yangu mstari," mume wangu akasema. "Mpira muulize refa."

"Ulivuka au haukuvuka?"

"Refa ameshasema."

Mdogo wangu alisimama, maji yanamchuruzika kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. Akasema, "Sawa. Basi mlango huu sitauvuka tena mpaka wewe useme kwa mdomo wako." Akatoka.

Nikajiambia hasira za mpira ni kama mapovu, zitatulia. Jumapili iliyofuata nikasikia hodi. Nikasema karibu. Haingii mtu. Natoka, namkuta amesimama nje ya kizingiti, mikono nyuma.

"Si ulisema huji tena?"

"Nilisema sitavuka, dada. Sikusema sitakuja."

Basi ndivyo tulivyoishi. Kila Jumapili anakuja, nampa kigoda, anakaa nje mlangoni, sisi tuko ndani mezani. Sahani yake napitisha juu ya kizingiti. Mvua ikinyesha anafungua mwavuli na kuendelea kula. Na kunyoa je? Hapo nakutegea tena: kichwa nje, mwili ndani, na wembe unapita. Ni mume wangu huyo. Aliweka kiti ndani, akainamisha kichwa nje, na mdogo wangu akamnyoa amesimama uani. Walikuwa wanaongea kama kawaida, bei za vitu, magoti, watoto. Hawakununiana hata siku moja. Ila akimaliza kumfuta nywele shingoni, mdogo wangu anauliza, "Shemeji, ulivuka au haukuvuka?" Na mume wangu anajibu, "Refa ameshasema." Kisha mimi namuuliza mdogo wangu, "Haya, chai tayari. Unaingia au huingii?" Naye anaukung'uta mwavuli wake hata kama hakuna mvua.

Binti yetu alipoolewa, picha zote za ukoo zilipigwa uani, kwa sababu mjomba wa bibi harusi haingii. Mume wangu alipougua homa ya mapafu, shemeji yake alikuja kila siku, akasimama dirishani kumsimulia matokeo ya mechi. Mjukuu wangu, ambaye hakuwa amezaliwa wakati wa fainali, alidhani kila nyumba ina babu mmoja wa mlangoni.

Usidhani sikujaribu. Nilimwambia mume wangu, "Sema tu neno moja, lolote, yule mtu aingie."

"Neno lolote si neno," akanijibu.

Nilimwambia mdogo wangu, "Chakula changu unakila, kiti changu unakikataa. Kuna maana gani?"

"Sijakataa kiti, dada. Nimekosa jibu."

Wakaidi wawili, na wote wawili ni wangu.

Sasa ikafika mwaka huu. Mambo mawili yakaja pamoja. La kwanza, Komeo alitangaza kwamba anatundika daluga. Umri umekwenda, magoti yamegoma, masikio tu ndiyo yaliyobaki vilevile. La pili, mdogo wangu akasema anafunga kibanda. Mkono umeanza kutetemeka, na mkono wa kinyozi ukitetemeka wateja wanakumbuka kwamba wana haraka. Atakwenda kukaa kwa binti yake, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Ataondoka katikati ya wiki, baada ya mechi ya kumuaga Komeo.

Mimi nikapiga hesabu yangu ndogo. Imebaki Jumapili moja. Watu wa umri wetu wakiagana kwa basi la kutwa nzima, hujui kama wataonana tena. Sikutaka kombe wala goli. Nilitaka mdogo wangu akae mezani kwangu, mara moja tu, miguu yake iwe chini ya meza kama ya watu wengine. Nilimwambia mume wangu hivyohivyo, usiku tunalala. Akageukia ukutani, akajifunika shuka.

"Mtoto wa watu ameishi na jina lile," akasema mwishowe. "Ndilo lililomjengea nyumba ya mama yake. Wewe unataka nimvue jina siku anayoaga?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba jibu analo. Lakini jibu ni lake, na kulisema au kutolisema ni juu yake.

Mechi ya kuaga ilikuwa Jumamosi, na ilikuwa dhidi ya timu ya kiwandani, watani wa jadi. Mume wangu aliipiga mistari siku hiyo kama anaandika barua ya posa. Alivuta kamba, akaikagua, akaifungua, akaivuta upya. Nilikwenda na mimi, nikakaa jukwaani na mjukuu. Mtangazaji wa kipaza sauti akasema huyu ndiye shujaa wa mpira ule wa mstarini, na nusu ya uwanja ikashangilia, nusu ikazomea, wote kwa furaha. Komeo alidaka mipira miwili mizuri, akafungwa mmoja, akatolewa kabla ya mwisho ili watu wampigie makofi. Alipita nyuma ya goli. Akamwinamia mume wangu pale alipochuchumaa, akamwambia kitu sikioni. Mume wangu akaacha kutafuna.

Nyumbani alikaa na mabuti yake mguuni.

"Amekwambia nini?"

"Amesema kesho anakuja. Ana swali."

Jumapili nikapika mapema. Mdogo wangu akaja na kigoda chake, siku hizo alikuwa anakuja nacho mwenyewe, akakaa mahali pake. Alikuwa amevaa shati la kusafiria kulijaribu. Tukasikia gari linasimama. Komeo huyo, mrefu, anachechemea kidogo, mfuko mkononi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, baba, karibu ndani!"

Ilibidi mdogo wangu asogeze magoti ili apite. Komeo akasimama, akamtazama mzee anayekula nje ya mlango uliofunguliwa.

"Shikamoo, mzee. Mbona uko nje? Kuna ugomvi?"

"Marahaba. Hakuna ugomvi. Mimi ni mtu wa kiwandani," mdogo wangu akasema. "Nakaa hapa, mvua na jua, mpaka shemeji anijibu swali langu. Pita tu. Wewe mpira wako hauvukagi, lakini mwenyewe vuka."

Komeo akacheka, akaingia, akakaa. Aliona picha yake ukutani na ile ya harusi chini kidogo, akanitazama, nikasema, "Msumari." Akatoa glavu zake za mechi ya jana kwenye mfuko, hazijafuliwa, tope limekauka vidoleni, akaziweka mbele ya mume wangu kwa mikono miwili. Mume wangu alizipokea kama mtu anayepokea kichanga.  Kisha Komeo akasema:

"Mzee, swali langu. Ule mpira wa fainali. Ulivuka au haukuvuka?"

Nje, kijiko cha mdogo wangu kikalia kwenye sahani.

"Unaniuliza mimi?" mume wangu akasema. "Si wewe uliyeudaka?"

"Niliudaka macho yamejaa tope. Niliuangukia tu. Nikasikia kelele, sikujua ni kelele za nani. Nikainua kichwa, naona wenzangu wanakuja kunikumbatia, basi na mimi nikakumbatia. Nimeitwa Komeo tangu siku ile na sijui kama ni kweli. Nilipokuwa nacheza niliogopa kuuliza. Mtu anayecheza analihitaji jina lake. Sasa daluga ziko msumarini, jina halinidakii chochote. Nataka nijue. Na wewe ndiye uliyekuwa karibu kuliko refa."

"Nikikwambia utanichukia."

"Mzee, miaka yote hiyo unanimwagilia ardhi alfajiri, ulidhani nilikuwa naamini ni umande?"

Mume wangu akaziweka glavu mezani. Akamwambia mjukuu alete chaki kwenye mkoba wake wa shule. Akapiga magoti sakafuni, polepole kwa ajili ya mgongo, akachukua vikombe viwili vya mezani, akavisimamisha mbali kidogo.

"Hizi posti," akasema. Akachora mstari kutoka kikombe mpaka kikombe, umepita sawasawa mbele ya vikombe. "Huu mstari nilioupiga asubuhi ya fainali, kwa kamba. Mvua ikaja. Chokaa ikilowa inapotea, huioni. Wakati wa mapumziko refa akaniambia pale golini hapana mstari, piga upesi. Nikaenda kuchukua kamba, nimeiacha kwenye maji, imevimba, imejifunga mafundo. Nahangaika nayo, refa ameshaanza kupuliza filimbi. Nikakosa subira. Nikapiga kwa macho."

"Bila kamba," mimi nikasema. Lilinitoka tu mdomoni.

"Bila kamba, mama watoto. Nikaanzia nyuma ya posti badala ya mbele." Akachora mstari wa pili, nyuma ya ule wa kwanza, kama upana wa kiganja. "Huu hapa. Kipindi cha pili jua likatoka, chokaa ya zamani ikakauka, ikaanza kurudi, nyeupe hafifu. Ikawa mistari miwili. Mimi nimechuchumaa pale, naiona yote miwili, na mpira unakuja."

Akachukua nyanya moja kwenye bakuli langu, akaiweka.

"Mpira ulikaa hapa."

"Hapana!" Sauti ilitoka mlangoni. "Hapana, shemeji, hapana. Hapo ni mbali na posti. Mimi nilikuwa jukwaa la pembeni, sikutazama chokaa, nilitazama posti. Mpira ulikuwa huku, karibu na posti ya kushoto. Sogeza. Huku! Siyo huko, umekosea kiganja kizima! Ngoja, lete nikuonyeshe."

"Kushoto kwa nani? Kwako au kwa golikipa?"

"Kwa golikipa! Golikipa si huyu amekaa? Muulize."

"Kushoto kwangu, kweli," Komeo akasema, naye ameshashuka kwenye kiti, ameketi sakafuni na goti lake bovu amelinyoosha. "Posti ilinigonga bega. Nina kovu."

"Umeona? Bega! Basi nyanya inakaa hapa. Na posti yako hii imepinda, inyooshe."

Wakawa watatu juu ya mistari ile, vichwa vimegusana, wananyang'anyana nyanya yangu. Mjukuu naye amelala kifudifudi kutazama kwa chini, kama yule mshika kibendera angefanya kama asingeteleza. Mimi nilikuwa nimesimama na birika. Nyanya ilipokaa mahali walipokubaliana wote, ilikuwa imeumaliza mstari wa kwanza, ule wa kamba, na imeukalia mstari wa pili, ule wa haraka.

Komeo aliitazama muda mrefu.

"Refa aliinama akaona huu wa nyuma," akasema.

"Ndio uliokuwa unang'aa," mume wangu akasema. "Alihukumu kwa alichokiona. Hakukosea yeye. Nilikosea mimi. Ningesema siku ile, ningekuwa nimekunyang'anya kombe kwa kosa langu mwenyewe. Nikanyamaza. Jioni ileile wakakuita Komeo. Nikanyamaza zaidi."

"Na huyu mzee umemwacha ananyeshewa kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yako na ya kamba."

"Mimi nilidhani unalinda timu," mdogo wangu akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kumbe ulikuwa unalinda mafundo."

"Mzee," Komeo akasema, "bado hujanijibu. Umenionyesha. Nataka nisikie."

Mume wangu aliitazama picha ukutani, akamtazama mwenye picha.

"Ulivuka, mwanangu. Ulivuka wote."

Komeo akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea chenji na kuikuta kamili. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika goti.

"Kwa hiyo mimi ni mlango wazi."

"Mpira mmoja," mume wangu akasema. "Mmoja! Mingine yote uliidaka mwenyewe, na mistari yake niliipiga kwa kamba. Yule atakayekuja kukwambia vinginevyo mlete kwangu, nitamwonyesha vigingi."

Nikawamiminia chai, maana birika lilikuwa linaniunguza mkono. Wakati nageuka kumpitishia mdogo wangu kikombe chake juu ya kizingiti, kama nilivyozoea, nikakuta kigoda kiko peke yake. Sahani iko juu yake, nzi mmoja anaizunguka. Nikageuka ndani. Alikuwa amechuchumaa chini ya meza yangu, shati la kusafiria limejaa vumbi la chaki, nyanya mkononi, anamwonyesha Komeo mahali mshambuliaji alipokuwa amesimama.

Na mimi sikuwa na neno jingine ila lile nililozoea kila Jumapili.

"Haya, chai tayari. Unaingia au huingii?"

Aliinua kichwa. Akautazama mlango, akaitazama miguu yake, akanitazama mimi.

"Nilishavuka, dada," akasema. "Refa tu ndiye hakuona."